Nusu ya Ugonjwa

Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, nilikuwa natazama mswaki wa mume wangu. Mswaki wa mti, si wa dukani. Akishamaliza kuswali aliuweka kwenye kizingiti cha dirisha, nami nauchukua, nauelekeza kwenye mwanga na kuangalia nyuzi zake kama zina damu. Zikiwa nyeupe, siku inaanza. Zikiwa na wekundu naanza maswali: umelala vipi, choo kilikuwa cha rangi gani, hebu nioneshe mikono. Yeye alicheka na kuniita Bi Mkaguzi.

"Bi Mkaguzi, leo tumefaulu?"

"Mmefaulu. Kunywa uji."

Sasa umri wangu umepita ule aliofikia yeye, na bado nikikuta mswaki umeachwa dirishani na mjukuu yeyote, nauchukua na kuuelekeza kwenye mwanga. Wanadhani ni uzee.

Majina ya watu wote wa habari hii ninayo kichwani: la daktari, la muuguzi aliyekuwa anatoa damu, la jirani mwenye gari, la mzee wa pembe, hata la mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeomba sigara kwa kila anayepita. Sitayaandika. Mwaka wa tisini na nne mji wetu uliona majina yaliyoandikwa kwenye karatasi yaliwapeleka watu wapi. Na damu nitakayoisema hapa ni ya mtu mmoja tu, mume wangu. Ile nyingine waiseme wanaoweza.

Ninaandika kwa sababu ya wifi yangu, dada yake mume wangu. Alikufa akiamini jambo ambalo si kweli. Neno la kumtoa kwenye imani hiyo lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani hapa Nyamirambo, mtaa wa Waislamu mjini kwetu, na kila mtu alimwita Fundi, hata mimi. Babu yake alikuja na wafanyabiashara wa kutoka upande wa pwani, akaoa hapa, na tangu hapo ukoo mzima ni wa sindano na mkasi. Kanzu za Idi, sare za shule, magauni ya maharusi wa kanisani, vyote vilipita mikononi mwake.

Moyo wake haukuwa mzima tangu utoto. Aliugua homa ya viungo akiwa mdogo, na ile homa ilipoondoka iliacha mlango mmoja wa moyo umekakamaa. Hilo tulilijua, tulilizoea. Lakini mwaka wa tisini na mbili moyo ulianza kwenda ovyo. Ukiweka sikio kifuani unausikia unakimbia, unasita, unakimbia tena, kama cherehani iliyokaliwa na mtu asiyejua kukanyaga. Halafu siku moja mchana alikuwa anatunga uzi, uzi ukamshinda. Sindano iko mkono wa kushoto, uzi mkono wa kulia, na mkono wa kulia haujui pa kwenda. Mdomo ukapinda. Nikamwita, akanitazama kama mtu anayeniona kwa mbali. Haikufika nusu saa, kila kitu kikarudi mahali pake, akatunga uzi wake na kutaka kuendelea na suruali ya mteja. Nilimnyang'anya ile suruali, tukaenda hospitali kubwa ya mjini.

Walipompima moyo ndipo walipoliona tumbo. Mimi nilikuwa nimeliona miezi kadhaa, nikadhani ananenepa, nikafurahi. Daktari alilibonyeza hapa na pale, akamtazama macho, akaagiza damu, na baada ya siku chache wakammezesha mpira wenye taa kwenye ncha ili waone kooni ndani. Siku ya majibu daktari alituita wote wawili. Alikuwa mtu mwembamba, sauti ya chini, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapokaribia neno zito.

"Mama, kaa hapa karibu. Mzee ana magonjwa mawili, na dawa ya mmoja ni adui wa mwingine."

Akatueleza polepole, kwa Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiswahili. Moyo unapokwenda ovyo, damu inatuama ndani yake, inaganda, na bonge likitoka linaruka mpaka kichwani. Ndilo lililomkunja mdomo siku ile. Lile lilikuwa dogo, linaweza kuja kubwa. Dawa yake ni ya kuifanya damu iwe nyepesi, isigande. Sasa upande wa pili, ini limejaa makovu. Damu haipiti vizuri ndani yake, kwa hiyo imejaa nyuma, na mishipa ya kooni imevimba. Ikipasuka, mtu anatapika damu, na kama damu yenyewe ni nyepesi, hakuna wa kuizuia.

"Basi ini likiharibika si damu inakuwa nyepesi yenyewe?" Fundi aliuliza. Alikuwa mtu wa kuuliza. "Ini limetufanyia kazi, dawa ya nini?"

Daktari alivua miwani. "Watu wengi wanafikiri hivyo. Ini ni jiko. Linapika vitu vya kugandisha damu, na linapika pia vitu vya kuizuia isigande. Jiko likibomoka, vyote vinapungua. Wewe unaweza kuvuja na kuganda wiki hiyohiyo. Hata kipimo cha damu, kwako wewe, hakisemi ukweli wote."

"Kwa hiyo nichague. Nife nimevuja au nife nimeziba."

"Hakuna aliyekwambia ufe, mzee. Ninakwambia uje kila Jumanne."

Ndivyo tulivyoanza. Kulikuwa na kidonge kimoja cha kupunguza mbio za moyo, na hichohicho kinapunguza nguvu ya damu kwenye ile mishipa ya koo. Hicho Fundi alikipenda, alikiita mkwe mwema kwa sababu kinaelewana na pande zote mbili. Kulikuwa na vya kutoa maji tumboni. Chumvi ilikatazwa. Dawa yoyote ya maumivu ya kununua dukani ilikatazwa, hata ile anayomeza kila mtu kichwa kikiuma. Na ile dawa ya damu, daktari aliitoa kama mtu anayemkabidhi mwenzake kisu: robo ya kidonge, mara moja kwa siku, na kila Jumanne damu ipimwe. "Jumanne usipokuja, Jumatano usimeze." Mboga za majani nazo zikaingia kwenye sheria. Zinaikaza damu. Asiziache, asizizidishe: leo ale kama alivyokula jana. Mimi ambaye sikumaliza hata shule ya chini, niliyashika yote kwa kichwa. Kidonge nilikikata kwa wembe wa kufumulia mishono, juu ya kitambaa cheusi ili unga usipotee. Mboga nilizipima kwa kikombe cha chai. Mto wake niliuvalisha foronya nyeupe, ili damu ya pua ikitoka usingizini niione.

Tulipokuwa tunashuka kutoka hospitali siku ile ya kwanza, Fundi alisimama njiani kana kwamba amesahau kitu.

"Watu tutawaambia nini?"

"Tutawaambia alichosema daktari."

"Hapana. Tuseme moyo. Ini tuliache."

Nilimwelewa bila kuuliza. Mtaani kwetu mtu akifa tumbo limevimba na macho ya njano, hata kabla hajaoshwa watu wameshaanza kuambiana masikioni. Yupo mmoja tuliyemzika, mswalihina, safu ya mbele kila Ijumaa, na waliotoka makaburini walikuwa wanaulizana alikuwa akinywa wapi urwagwa, pombe ya ndizi. Watoto wake walichekwa shuleni. Fundi hakuwahi kuonja pombe. Daktari alisema ni kirusi kilichoingia kwenye ini zamani, pengine utotoni, pengine kwa sindano. Lakini nani mtaani angekaa kusikiliza habari za kirusi? Ini ni la walevi, basi.

"Moyo hauna aibu," Fundi alisema. "Hata masheikh wanaugua moyo."

Basi nikasema moyo. Kwa majirani moyo, kwa wateja moyo, kwa watoto wetu waliokuwa mbali moyo. Na kwa wifi yangu pia.

Wifi aliolewa na mkulima huko Kibagabaga. Siku hizo Kibagabaga ilikuwa mashamba matupu. Kila wiki alishuka kwa miguu mpaka kwetu, kitenge kimefungwa kiunoni, kapu la dodo kichwani, ule mchicha wa kwetu, majani mabichi yenye umande bado. Alikuwa mdogo wa Fundi, na alimpenda kaka yake kwa kelele.

"Kaka! Umekonda kama kamba ya kuanikia! Huyu mwanamke anakulisha nini?"

"Ananilisha dawa," Fundi anajibu. "Chakula ananionesha tu."

"Wifi, dodo zangu nilizoleta wiki jana ziko wapi?"

"Zipo. Daktari amesema kikombe kimoja."

"Kikombe kimoja! Kaka yangu ni sungura wa kupimiwa? Kikombe kimoja, dodo za bure, za shamba letu wenyewe? Huyo daktari mama yake hajamlisha."

Tulicheka wote. Lakini hakuniuliza kwa nini kikombe kimoja, na mimi sikumwambia. Ningeanza na dodo ningefika kwenye damu, ningetoka kwenye damu nikafika kwenye ini. Niliona ni rahisi zaidi kucheka.

Ukweli ni kwamba hali ilikuwa inatengemaa. Tumbo lilipungua akarudi kwenye mkanda wake wa zamani. Alikaa tena barazani kwenye cherehani, asubuhi tu, na alikata sare za shule za mtaa mzima. Jumanne tulikwenda, muuguzi alitoa damu na kubonyeza mahali pa sindano muda mrefu, mimi nikibonyeza naye kwa macho. Siku ya pili nilirudi peke yangu kuchukua karatasi, daktari anaisoma na kuniambia robo iendelee, au aruke siku moja.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tatu mji ulifungika. Vita vilikuwa vimesogea, barabara zilizibwa kwa magogo, na watu waliambiwa wakae nyumbani. Jumanne moja tulishindwa kupita. Niliposema basi Jumatano asimeze, Fundi alinitazama.

"Na bonge likija?"

"Daktari alisema Jumanne usipokwenda usimeze."

"Daktari hakuwa hapa siku mdomo wangu ulipopinda. Nipe."

Nikampa. Hili nalo ni langu. Nilikumbuka uzi ulivyomshinda, nikampa robo yake, na siku iliyofuata nikampa tena. Wakati huo wifi naye hakuweza kushuka na dodo, na sokoni hapakuwa na jani. Wiki nzima na zaidi Fundi alikula wali na maharage matupu. Hakuna mboga ya kuikaza damu, hakuna kipimo, na dawa inaendelea. Leo ninaweza kulipanga jambo hilo mstari kwa mstari. Siku zile nilikuwa nasikiliza milio ya bunduki tu na kuhesabu maji yaliyobaki kwenye pipa.

Jumanne iliyofuata njia ilifunguka, tukaenda, akatolewa damu. Alikuwa amechoka, anasema kifua kinamwelemea na mgongo unauma. Jumatano asubuhi mswaki ulikuwa na wekundu. Nilimwambia asimeze kitu mpaka nirudi na karatasi. Nikaondoka.

Daktari aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Hakuvua miwani.

"Mama, rudi nyumbani sasa hivi. Asimeze tena. Damu imekuwa nyepesi kama maji. Asinyoe, asishike mkasi, asikwaruzwe hata na ukucha. Mlete, nimchome sindano ya kuikaza."

Nilikwenda nusu kwa kukimbia. Nilipofika kwenye kona yetu nililiona kapu la dodo limetuliwa mlangoni, nikafurahi. Nakumbuka nilifurahi kabisa. Nikasema, mboga zimerudi.

Ndani, Fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, mgongo wazi, na juu ya mgongo zimesimama pembe nane.

Asiyejua kuumikwa nimweleze. Ni dawa ya wazee, ya kwetu Waislamu na ya Wanyarwanda wote, kila mtu anaijua. Mtu akielemewa na kifua au mgongo, wanamchanja vimistari vidogo kwa wembe, wanaweka pembe ya ng'ombe iliyokatwa ncha, wanavuta hewa kwa mdomo na kuziba tundu. Pembe inanyonya damu chafu, inaganda mle ndani kama maini, wanaimwaga, mtu anasikia mwepesi. Mimi mwenyewe nimeumikwa mara nyingi, nikapona. Wifi alipopata njia ya kushuka, na baada ya siku zote zile za kumwaza kaka yake, alipitia Ndera akamchukua mzee anayesifika kwa kazi hiyo, akaja naye kama mtu anayekuja na zawadi.

"Wifi, umefika!" Uso wake uling'aa. "Tumemaliza, tunatoa sasa. Mzee amesema iko damu nyingi imekaa kwenye moyo."

"Iko damu mubaya mingi sana, mama," yule mzee alisema. "Moyo inashindwa kupumua."

Fundi aligeuza kichwa kidogo, akaniona usoni. Yeye alijua. Alijua na aliwaachia. Baadaye nilimuuliza, akasema dada yake alikuwa amefurahi mno, tena vimistari vilikuwa vidogo. Naye pia alikuwa hajatoa ile nusu nyingine ya ugonjwa wake; angemkataza kwa kumwambia nini?

Mzee aling'oa pembe ya kwanza, na damu haikuwa imeganda. Ilimwagika kama chai. Aling'oa ya pili, ya tatu. Alichukua kitambaa akapangusa, na vile vimistari vikajaa tena, vikateremka ubavuni mpaka kwenye mkeka.

"Hii damu inakwenda wapi?" alisema, na sauti ya sifa ilikuwa imemtoka. "Mama, huyu mumemunywesha nini?"

Wifi alinitazama. Ndipo ilipokuwa nafasi yangu ya kwanza. Nilisema: "Nileteeni vitambaa."

Nyumba ya fundi haikosi vitambaa. Nilivuta jora la nguo nyeupe ya kanzu, nikachana, nikakunja, na mimi na wifi tukapiga magoti huku na huku, tukabonyeza. Mikono minne, alama nane. Ukibonyeza hapa, pale panavuja. Wifi alikuwa analia na kusoma dua ambazo nusu yazo alikuwa amezisahau tangu aolewe kanisani. Fundi alituambia chini ya mikono yetu, "Hiyo ni nguo ya mteja," akataka kucheka, akakohoa. Jirani mwenye gari alikuja, tukampandisha nyuma hivyohivyo, sisi bado tumebonyeza, na sikuondoa mkono mpaka muuguzi aliponiondoa yeye kwa nguvu. Vidole vilikuwa vimekataa kukunjuka.

Walimchoma ile sindano, wakampa damu ya mtu mwingine, na baada ya siku mbili alama zikanyamaza. Daktari alisema tuna bahati kwamba ni mgongo uliovuja, si koo. Kisha alivua miwani.

"Ile dawa ya robo, basi. Sitampa tena. Huu mji hauniruhusu kumpima kila wiki, na bila kipimo nitamuua mimi mwenyewe. Tutabaki na ile ya moyo na ile ya maji. Bonge tutaliomba lisije."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi. Alisikia neno "nitamuua" na hakusikia jingine. Kuanzia siku hiyo alinyamaza. Yule mwanamke wa kelele alikaa mguuni pa kitanda na kuukanda mguu wa kaka yake kama anayeuomba msamaha.

Alipotoka kwenda kuchota maji Fundi aliniambia, "Mwambie dada yangu."

"Nimwambie nini?"

"Habari za ini. Na dawa. Anadhani ni pembe. Mwambie tulimficha, kosa si lake."

"Aibu yako je?"

"Nimelala uchi mbele ya wauguzi wanne. Aibu gani tena? Mwambie."

"Nitamwambia."

Nilimaanisha. Lakini wifi alirudi na maji, macho yamevimba, nikaogopa. Niliogopa atakavyonigeukia: kumbe ulijua! Umeacha nikamlete yule mzee kutoka Ndera, nikamlipa na kuku wangu, na wewe ulijua! Nikasema nisubiri atulie.

Fundi aliishi miezi kumi baada ya hapo, na ilikuwa miezi mizuri kiasi. Mswaki ulikuwa mweupe kila siku. Nilipaswa kufurahi, lakini weupe ule ulinitia hofu nyingine, maana nilijua sasa damu inakaza, na ndani ya ule moyo unaokwenda ovyo kuna kitu kinajikunja taratibu. Upande mmoja ukinyamaza nilisikiliza mwingine. Wifi aliendelea kuja, kapu la dodo kichwani, na alikuwa anapima mwenyewe kwa kikombe, anasawazisha juu kwa kiganja, jani likizidi analirudisha kapuni. Sasa hapakuwa na haja ya kupima tena. Hata hilo sikumwambia.

Desemba, wiki ya mwisho, saa nne ya asubuhi, Fundi alikuwa barazani anashona. Nilisikia cherehani ikienda, ikasimama. Nilisubiri iendelee. Nilipotoka alikuwa amekaa wima, mkono wa kulia umelala juu ya kitambaa, na mguu bado uko kwenye kikanyagio. Hapakuwa na tone la damu popote. Aliishi mpaka magharibi, bila neno.

Kwenye matanga wifi aliningojea mpaka wanawake walipopungua, akaja kukaa karibu yangu.

"Ni mimi nilimuua kaka. Ile siku. Moyo wake haukurudi tena."

Nilikuwa nimefunikwa khanga nyeupe ya eda, hata uso wangu hauonekani vizuri. Ilikuwa nafasi iliyofunguka wazi kabisa. Nilisema: "Ni mipango ya Mungu, wifi."

Na hilo ni nusu pia.

Eda ya mjane kwetu ni miezi minne na siku kumi. Hutoki, hujipambi, unakaa na kumkumbuka mumeo. Nilijiambia, nikimaliza eda, safari yangu ya kwanza itakuwa Kibagabaga. Nitapanda kile kilima kwa miguu yangu kama yeye alivyokuwa akishuka, nitakaa kwake, nitamwambia yote: ini, robo ya kidonge, Jumanne iliyotupita, na mkono wangu uliompa dawa wakati nimekatazwa. Jambo kama hilo, nilisema, halisemwi ndani ya eda. Yeye alikuja kunitazama mara nyingi katika miezi hiyo. Alikaa mkabala na mimi, tukamenya maharage. Mara ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa Machi. Alisema mvua imeanza vizuri, dodo zitakuwa nyingi. Alipoinuka aliniuliza, "Siku zako zimebaki ngapi?" Nikamwambia mwezi mmoja na kidogo. Akasema, "Basi utakuja kwangu, nitakupikia."

Eda yangu iliisha Mei. Hesabu niliishika siku kwa siku, hata katika siku zile ambazo hakuna aliyekuwa anajua tarehe, tukiwa watu wengi tumejificha, tumejazana katika nyumba moja. Siku ya mwisho nilivua ile khanga nyeupe kama sheria inavyotaka. Hapakuwa na pa kwenda. Wa kumwendea hakuwapo tena; waliuawa Aprili, yeye na mumewe na waliokuwa nyumbani mwao. Mume wangu ana kaburi, ninalijua, nimeliswalia. Wifi hana. Daktari wa miwani naye sikumwona tena; nilimuulizia, nikaacha kuulizia.

Siku hizi nami nina presha, na mguu unavimba. Wajukuu wananipeleka hospitali iliyojengwa Kibagabaga, kwenye kilima kilekile. Palipokuwa na mashamba pamejaa nyumba, na kila nikishuka kwenye gari natafuta kwa macho shamba la wifi lilianzia wapi, nakosea kila mara. Muuguzi ni binti mdogo, kucha amepaka rangi, mwenye heshima.

"Bibi, mbali na presha una ugonjwa gani mwingine?"

Ninamwambia yote. Goti, jicho la kushoto, jino lililooza, homa niliyougua nikiwa msichana, mara zote nilizoumikwa na mahali gani mgongoni. Ninamwambia mume wangu alikuwa na ini na hakunywa pombe. Yeye anaandika, halafu anaweka kalamu chini, anacheka kwa adabu.

"Bibi, haya ya mzee hayahusu kadi yako."

"Andika tu."

"Sawa, naandika. Kuna lingine?"

Kila mara ananiuliza hivyo, na kila mara dirisha la chumba kile liko wazi, na nje kuna ule udongo mwekundu wa kilima. Mara ya mwisho nilimwambia lipo. Nikamwambia lilikuwa la kumwambia mtu mwingine, aliyekuwa akikaa hapahapa. Alisubiri nimtajie jina. Ninalo. Nilikaa nalo mdomoni mpaka mgonjwa aliyenifuata akabisha hodi.

"Ingia," binti alisema, naye akanishika mkono kuniinua.